Vigingi vya Ng'ambo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Spidi alikuwa na kazi moja ambayo watoto wengi hawaijui: kutundika simu. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na katika nyumba yao nzima mtandao ulikamata mahali pamoja tu, kwenye msumari uliopigwa juu ya dirisha la chumba cha kushonea. Ukiitoa simu pale, imekufa. Ukiirudisha, imefufuka. Basi Spidi aliitia simu kwenye kifuko chenye kamba, akapanda kigoda, akaitundika, kisha akaruka chini na kutangaza, "Mama, duka limefunguliwa!"

Mteja alipopiga, mama aliacha cherehani, akapanda kigoda na kuongea huku ameipinda shingo kama kuku anayechungulia kabati. "Haloo! Kiuno ngapi? Sema tena! Thelathini na ngapi?" Mara nyingi jibu lilipotea hewani, na mama akabaki kukisia. Mwezi uliopita alikuwa amemshonea mwalimu mkuu suruali ambayo ingewatosha walimu wakuu wawili.

Spidi halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa hivyo kwa sababu alifanya kila kitu mbio. Alikula mbio, aliandika mbio, alifagia ua mbio hata vumbi likarudi lilikotoka. Rafiki yake, waliyeketi naye dawati moja, aliitwa Kinyonga. Muda ambao Kinyonga alichonga penseli, Spidi alikuwa ameshamaliza hesabu tatu, mbili kati yake zikiwa na makosa.

Jumatatu moja mwalimu wa sayansi aliingia darasa la sita akiwa na mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buti zenye tope kavu, na kwapani amebana kofia ngumu ya njano.

"Huyu ni fundi wa minara ya simu," mwalimu alisema. "Amekuja kutafuta msaada wenu."

Fundi alibandika ramani ubaoni. "Kwenye ramani hii ya ofisini kwetu," alisema, "kijiji chenu chote kina mtandao mzuri."

Darasa zima liliangua kicheko. Hata mwalimu alicheka.

"Ninyi mnacheka," fundi alisema, naye akitabasamu, "lakini wakubwa wangu hawacheki. Wao wanaiamini ramani. Nimebembeleza sana, nikapewa mnara mmoja mdogo wa sola. Mmoja tu! Nitausimamisha kwa namna itakayowafaa wenye shida zaidi. Sasa, nikienda nyumba kwa nyumba kuuliza, kila mtu ataapa kwamba kwake ndiko kubaya kuliko kote. Nahitaji vipimo."

Akaeleza kazi yenyewe. Seremala wa kijiji alikuwa amepigilia vigingi sitini kuzunguka pande zote za kijiji, vyeupe, kila kimoja kikiwa na namba. Watoto kumi wangechaguliwa wafanye kazi wawili wawili, kila jozi ipewe simu, daftari na vigingi kumi na viwili. Kwenye kila kigingi wangesimama, wahesabu vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu, wapige namba ya shule mara tatu, kisha waandike ni mara ngapi simu imeita, na saa waliyopima.

"Jambo moja," mwalimu aliongeza. "Nataka madaftari yaliyojaa. Sitaki kuona pengo hata moja. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu!" walijibu kwa pamoja.

Spidi na Kinyonga walipewa upande wa chini. Vigingi vinane vya kwanza vilianzia kwenye mashine ya kusaga hadi darajani. Vinne vya mwisho, namba tisa hadi kumi na mbili, vilikuwa ng'ambo ya mto, nyuma ya mgongo wa kilima, kwenye nyumba chache na zahanati mpya iliyofunguliwa miezi mitatu tu iliyopita.

Jumanne walipima vinane vya kwanza. Spidi alifika kwenye kila kigingi kabla ya mwenzake, akamwita kwa mikono miwili. Kinyonga alifika taratibu, akaishika simu mbele ya uso na kuitazama bila kupepesa.

"Kimoja," alisema. "Subiri. Bado kimoja. Subiri kidogo."

"Kinyonga, hivyo ni vijiti, si miche! Havitaota!"

"Subiri. Haya, viwili. Unaona? Ungeandika kimoja, ungekuwa umekosea."

Spidi alipumua kwa nguvu, akaandika viwili. Hadi wanafika darajani, watu waliokuwa wakirudi kutoka mashineni walikuwa wamewapita, wakafika kwao, na wengine walikuwa wameshasonga ugali.

Jumatano Kinyonga alikuja shuleni akichechemea. Kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino. Siku hiyohiyo, saa kumi alasiri, timu ya netiboli ya shule ilikuwa icheze na shule ya jirani, na mfungaji wake tegemeo alikuwa Spidi.

"Wewe pumzika," Spidi alimwambia rafiki yake. "Vinne tu hivyo. Nitavimaliza peke yangu kabla filimbi haijapulizwa."

Saa tisa alikuwa darajani. Simu ilionyesha vijiti vitatu. Daraja lilisifika kijiji kizima kwa mtandao, na hata siku ile mwanamume mmoja alikuwa amesimama pale akigombana kwenye simu kuhusu mbuzi. Spidi aliitazama njia ya ng'ambo. Ilipanda kati ya mashamba ya mahindi, ikapinda, ikapotea nyuma ya kilima. Aliwaza kwenda. Aliwaza kurudi. Aliwaza filimbi.

"Kutoka hapa hadi kule si mbali," alijiambia. "Mtandao wa hapa na wa kule ni uleule. Kuna haja gani ya kujichosha?"

Akaketi kwenye ukingo wa daraja, akafungua daftari. Kigingi cha tisa: vitatu. Cha kumi: vitatu. Cha kumi na moja akaandika viwili, ili isionekane kama amebuni. Cha kumi na mbili: vitatu. Kila kimoja akakiandikia saa yake na simu zilizoita. Ukurasa ulijaa, hauna pengo hata moja. Kisha akatimua mbio kurudi.

Walishinda. Spidi alifunga mara sita, na wenzake wakambeba juujuu. Kesho yake Kinyonga alinakili vipimo vyote kwa mwandiko wake mzuri wa kunyooka.

"Ulifika mpaka cha mwisho?" aliuliza.

"Nilifika."

Kinyonga aliandika jina lake chini ya ukurasa, akampa Spidi kalamu naye aandike lake.

Ijumaa mchana palikuwa na mkutano shuleni. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvuni. Fundi alikuwa amebandika ramani mpya, na juu yake ameshonea vifungo alivyopewa na mama yake Spidi: vya kijani penye mtandao, vyekundu pasipo na mtandao. Upande wa juu wa kijiji ulikuwa mwekundu kama umeugua surua. Ng'ambo ya mto vilimeta vifungo vinne vya kijani.

"Watoto wenu wamefanya kazi ambayo ramani yetu ilishindwa," fundi alisema, na watu wakapiga makofi. "Mnara nitausimamisha kilimani nyuma ya shule, na nitauelekeza wote upande wa juu. Ng'ambo hawana shida, kama mnavyoona."

Mkono uliinuliwa nyuma. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya ng'ambo, bado amevaa sare yake nyeupe.

"Samahani, Fundi. Hivyo vifungo vya kijani ndiko kwangu?"

"Ndiyo, Nesi."

"Mbona mimi nikiwa pale simu yangu ni tochi tu? Nikitaka kupiga, nateremka mpaka darajani. Wiki iliyopita hospitali ya wilaya walinitumia ujumbe kwamba chanjo zimechelewa. Niliupata siku ya pili, kina mama ishirini na mmoja wameshakuja na watoto mgongoni, na wameshageuka kurudi walikotoka."

Watu walinong'ona. Fundi aliutazama ukurasa wa daftari, akautazama tena. "Hapa naona vitatu, vitatu, viwili, vitatu. Nani alipima?"

Kabla Spidi hajafungua mdomo, Kinyonga alisimama. Kinyonga, ambaye hajawahi kusema neno mbele ya watu wazima bila kuulizwa mara tatu!

"Ni sisi," alisema. "Mimi nilikuwa naumwa mguu, lakini mwenzangu alifika mwenyewe. Alipima kila kigingi. Namwamini."

"Basi," muuguzi alisema taratibu, akiigeuza simu yake mkononi, "huenda mgonjwa ni hii simu yangu. Na dawa yake zahanati haina."

Watu wote walicheka. Spidi peke yake alitazama chini ya dawati, masikio yakimwaka moto.

"Kesho saa sita mchana natuma mpango ofisini," fundi alimaliza.

Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha vyombo, Spidi alimwomba mama simu.

"Leo? Jumamosi, wateja wote wako nyumbani?" mama alishangaa. Kisha akamtazama binti yake usoni. "Una nini wewe? Haya, chukua. Saa sita iwe imerudi."

Spidi alivuka daraja. Moyoni alijipa tumaini: huenda kweli kuna vijiti vitatu. Huenda simu ya Nesi ni mbovu kweli. Alipanda kati ya mahindi, macho kwenye kioo. Vitatu. Viwili. Njia ilipopinda nyuma ya kilima, kimoja. Alipofika kigingi cha tisa hapakuwa na kitu. Alifika cha kumi, akafika cha kumi na moja. Hapakuwa na kitu. Alisimama mbele ya kigingi cha kumi na mbili, kwenye ua wa zahanati, akiwa ameiinua simu juu ya kichwa.

"Ooh, umekuja!" Muuguzi alikuwa akianika vitambaa kwenye kamba. Kwenye benchi walikuwa wameketi kina mama watatu na watoto wao.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Mungu amekuleta! Jana nilitaka nikuite, ukatoka mbio. Hebu nionyeshe: siku ile ulisimama wapi hasa, ukapata vijiti vitatu? Nipaweke alama, nami niwe nasimama hapohapo."

Spidi alitazama huku na huku. "Nilisimama... karibu na hapa."

"Hapa?" Muuguzi alisogea, simu mkononi. "Hakuna. Au hapa?" Akapanda jiwe. "Hakuna. Wewe ni mfupi kidogo, labda nichuchumae." Akachuchumaa, na kina mama kwenye benchi wakacheka. Akaona ndoo, akaigeuza kichwa chini, akapanda juu yake na kunyoosha mkono kama anayechuma papai. "Je, hivi? Nielekeze, mwanangu, usinionee haya. Kulia? Kushoto?"

Spidi alimtazama mtu mzima yule, sare nyeupe, amesimama juu ya ndoo, akingoja kwa imani yote aambiwe kulia au kushoto. Machozi yakamjaa.

"Nesi, shuka tu. Sikufika huku."

"Hukufika wapi?"

"Huku. Siku ile niliishia darajani. Zile namba nilizibuni."

Muuguzi alishuka. Aliketi juu ya ndoo ileile, akaitazama simu yake.

"Na mimi tangu jana nimeisema vibaya simu ya watu," alisema hatimaye. "Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilikuwa na mechi. Na Mwalimu alisema hataki mapengo."

"Mlishinda?"

"Tulishinda."

"Haya, hongera." Hakuonekana kutania, wala hakuonekana kukasirika sana; alionekana kuchoka. Akatazama saa yake. "Sasa ni saa nne na robo. Fundi anatuma mpango saa sita. Wa kuambiwa si mimi, ni yeye. Nina watoto watatu wa kupima, siwezi kukusindikiza. Na hata ningekuwa na nafasi nisingekusindikiza. Maneno hayo ni yako, uyabebe mwenyewe."

Spidi alitoa karatasi mfukoni. Akarudi kigingi baada ya kigingi, akapima upya kama walivyofundishwa: vijiti, simu tatu, saa. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Kisha akapanda kilima kuelekea shuleni. Safari hii, miguu iliyozoea kukimbia ilikuwa mizito kama imefungwa matofali.

Ofisini kwa mwalimu wa sayansi aliwakuta watatu. Fundi alikuwa ameinamia kompyuta, mwalimu anakunywa chai, na Kinyonga, kisigino kimefungwa kitambaa, anapaka ramani rangi. Spidi alitamani Kinyonga asiwepo. Lakini alikuwepo.

Aliweka karatasi mezani, akasema yote. Hakuacha kitu, hata kile kigingi alichokiandikia viwili ili isionekane kama amebuni.

Fundi aliifunga kompyuta polepole. "Na kigingi cha kwanza hadi cha nane?"

"Hivyo tulipima kweli, Fundi. Naapa."

"Nitajuaje?"

Spidi aliitazama karatasi yake mezani. Hakuwa amewaza hilo. Alidhani uongo wa vigingi vinne ungeharibu vigingi vinne tu.

Kinyonga aliweka chini penseli ya kijani. "Mimi niliandika jina langu pale," alisema. "Nikasimama mbele ya watu wote." Akatoka nje akichechemea, bila kugeuka nyuma.

"Nitawaomba ofisini waningoje hadi Jumatano," fundi alisema. "Vigingi vyote sitini vitapimwa upya. Siwezi kuanza kuchagua nani wa kumwamini na nani wa kumwacha."

"Mimi pia nina sehemu yangu," mwalimu aliongeza kwa sauti ya chini, akizungusha kikombe chake. "Nilisema sitaki mapengo. Nilipaswa kusema nataka ukweli." Kisha akamgeukia Spidi. "Lakini mimi sikukuambia ubuni. Jumatatu utawaambia wenzako mwenyewe."

Nyumbani, mama aliisikiliza habari yote mguu wake ukiwa umetulia juu ya cherehani. Hakumpiga wala hakumfokea. "Nguo ikikatwa vibaya," alisema, "hakuna kuificha kwa pasi. Unafumua, unaanza upya. Nenda kwa Kinyonga."

Jumapili Kinyonga alikuwa uani kwao akisugua viatu vya shule. Spidi aliketi kando yake, akangoja mpaka kiatu cha kwanza kikaisha. Kwa mwendo wa Kinyonga, huo ulikuwa muda mrefu.

"Nisamehe," Spidi alisema. "Ulinitetea, nami nikanyamaza."

Kinyonga alichukua kiatu cha pili. "Kilichoniuma si vigingi," alisema. "Nilikuuliza kama ulifika. Ungeniambia hapana, ningekwenda hata kwa kurukaruka na mguu mmoja."

"Najua."

"Kesho tutakwenda. Lakini kwa masharti. Simu nashika mimi, kalamu nashika mimi. Na hakuna kukimbia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Jumatatu Spidi alisimama mbele ya wale watoto wanane akawaeleza. Walinung'unika sana. "Kweli wewe ni Spidi," mmoja alisema. "Umetupeleka mbio mpaka tulikoanzia!" Hata hivyo, baada ya masomo, wote walichukua simu na kwenda.

Spidi na Kinyonga walifika ng'ambo jioni ya Jumanne, jua likiwa bado juu ya kilima. Cha tisa, sifuri. Cha kumi, sifuri. Cha kumi na moja, sifuri. Kwenye ua wa zahanati, Kinyonga alisimama karibu na kigingi cha kumi na mbili na kuitazama simu kwa utulivu wake wote.

"Sifuri," Spidi alisema. "Andika, twende."

"Subiri."

Spidi alitaka kusema kitu kuhusu miche, akajizuia.

"Kimekuja kijiti kimoja, kikapotea," Kinyonga alisema. Akapiga hatua moja kupanda. "Kimerudi." Hatua nyingine. Alikwenda hivyo, hatua kwa hatua, macho kwenye kioo, mpaka akafika juu ya ua, kwenye jukwaa la mawe lililobeba tangi la maji. Akapanda ngazi zake tatu. "Viwili! Spidi, njoo! Viwili kamili!"

Spidi alipanda, na safari hii alikimbia kwa sababu alisahau masharti. Kutoka pale, kwenye mwanya kati ya vilima viwili, aliona kitu kidogo kikipepea kwa mbali. Ilikuwa bendera ya shule.

Waliandika kila kitu. Kigingi cha kumi na mbili: sifuri. Hatua arobaini juu yake, kwenye jukwaa la tangi: viwili. Na chini kabisa Kinyonga akaongeza kwa mwandiko wake wa kunyooka: "Bendera ya shule inaonekana kutoka hapa."

Fundi alipoisoma sentensi hiyo, alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. "Mna uhakika? Mmeiona kwa macho?"

"Kwa macho," walijibu pamoja.

"Mnajua maana yake? Mnara wa kilimani nyuma ya shule na jukwaa lile vinaonana! Vikionana, vinaweza kuzungumza. Naweza kufunga sahani ndogo juu ya tangi, ipokee mtandao kutoka kilimani na kuusambaza ng'ambo nzima. Sihitaji mnara wa pili! Nilikuwa natafuta mahali kama hapo, ramani haikuniambia."

Wakubwa wake ofisini hawakukubali mara moja. Waliuliza maswali, wakataka picha, wakataka vipimo virudiwe. Kwa vile sasa kila namba ilikuwa ya kweli, kila aliyerudia alipata yaleyale. Mwishowe walikubali.

Miezi miwili baadaye mnara ulisimama kilimani, na sahani nyeupe ikafungwa juu ya tangi la zahanati. Siku ya kuwasha, kijiji kizima kilikusanyika uwanjani. Simu ya mwalimu iliita. Akaiweka sauti ya juu.

"HALOO! MWALIMU! MNANISIKIA?" ilikuwa sauti ya muuguzi kutoka ng'ambo.

"Tunakusikia, Nesi! Usipige kelele, utatupasua masikio!"

"AAH, NIMEZOEA!" Kisha, kwa sauti ya kawaida: "Samahani. Niko ndani ya chumba cha sindano, nimekaa kwenye kiti. Nimekaa, jamani! Chanjo zimefika leo, na nimeshawatumia kina mama wote ujumbe. Wameanza kuja."

Vigelegele vilivyopigwa viliwatia kuku mbio hadi barabarani.

Fundi hakuwa amemaliza kazi yake. Kabla ya kuondoka alitaka vigingi vyote vipimwe mara ya mwisho, ili aone kama mtandao umefika kila mahali. Kwa kuwa Kinyonga alitakiwa kumsaidia fundi kuchora ramani mpya, Spidi alipewa vigingi vya upande wa juu, peke yake. Watoto wengine walitazamana, lakini fundi alimkabidhi simu.

Alirudi jioni, nywele zimejaa majani, jicho la kushoto limevimba. Fundi alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu. Vinne. Vinne. Vitano. Vinne. Kidole kikasimama. Mbele ya kigingi cha arobaini na moja hapakuwa na namba. Palikuwa na maneno mawili: "Sikufika. Nyuki."

Mwalimu alichungulia juu ya bega la fundi, akaanza kucheka, na watoto wote wakacheka, hata Spidi mwenyewe, kwa jicho moja. Fundi naye alicheka, kisha akaliinua daftari wote walione.

"Sikilizeni, watoto," alisema. "Mimi nikiwa ofisini siioni njia yenu, wala zahanati, wala nyuki. Naona kile mlichoniandikia tu. Mkiandika uongo, hata wa namba moja, nami nitajenga juu ya uongo, na kuna mtu msiyemfahamu atakayeteseka kwa ajili yake. Lakini mtu akiniandikia 'sikufika', ninajua pa kurudi kutazama. Kazi isiyokwisha si aibu. Aibu ni kujifanya umeimaliza."

"Na mimi," mwalimu alisema, "nimejifunza kuyapenda mapengo."

Fundi alimrudishia Spidi daftari. "Kesho nyuki wakitulia, nenda ukamalizie. Taratibu."

"Nitakwenda na Kinyonga," Spidi alijibu.

"Kwa mwendo wa Kinyonga," mwalimu alisema akicheka, "tuonane wiki ijayo."